Mkwaruzo Wangu Urudishwe

Kwa Fundi Mkuu wa Rangi, ambaye pia ni mpwa wangu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huipokei, na ukiipokea unacheka. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuletea gari kwa jambo moja tu: bawaba ya mlango wa dereva ilikuwa inalia. Alhamisi nikarudishiwa gari linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na bawaba bado inalia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mafundi wako walinieleza kwa fahari kwamba walianza na msasa wa namba mia nne, wakapanda mia nane, wakamalizia na elfu mbili kwa maji, ndipo wakapiga polishi kwa mashine. Sijapata kuona watu wakitumia akili nyingi kiasi hicho kufuta kitu ambacho hawakuuliza ni cha nani. Mmoja akaniambia, "Mzee, sasa hata ndevu unaweza kunyolea hapa." Ndevu zangu zina kioo chake.

2. Amani ya mtaa imevurugika. Jogoo wa jirani ameshinda siku mbili akipigana na mlango wa nyuma, na anaelekea kushindwa. Fundi cherehani wa kona huwaleta wateja wajitazame kwenye boneti. Wanageuka, wanalalamika mkono umebana, wanaondoka. Mimi nimekaa kwenye usukani nikisubiri wamalize.

3. Nimepewa cheo. Kamati ya maji, ambayo kwa miaka kumi na minne haikuniuliza hata saa ni ngapi, imenichagua mwenyekiti. Mjumbe mmoja alisema bila haya, "Mtu mwenye gari kama lile hawezi kukosa mawazo." Mawazo yangu ni yaleyale niliyokuwa nayo gari likiwa chafu. Sasa nagongewa mlango na watu wenye ndoo tupu.

4. Hili ndilo hasa. Upande wa kushoto palikuwa na mkwaruzo, kutoka kitasa cha mlango hadi karibu na taa, upana wa kidole, na ndani yake mstari wa kijani. Ninyi mliuita kasoro. Siku tuliyoihama nyumba yetu, miaka thelathini na moja iliyopita, nilitoka kwa haraka na lango likanikwaruza. Kijani kile nililipaka lango kwa mkono wangu. Wenzangu tuliohama nao waliondoka na funguo, wengine na picha za ukutani. Funguo zimeota kutu, picha zimefifia. Mimi niliondoka na mkwaruzo, na kila asubuhi niliupitishia kidole kabla ya kuwasha injini. Mmeupiga msasa, mkaujaza puti, mkaupaka rangi, kisha mkasimama mkisubiri nishukuru.

5. Kwa hiyo naagiza mkwaruzo urudishwe ifikapo Ijumaa, urefu uleule, kijani kilekile. Usinichoree kwa brashi. Nautaka wa kugongwa. Ikibidi, tafuta lango.

Nasaini kwa uchungu, lakini kwa mwandiko ulionyooka,

Mjomba wako.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na watoto wote, na fundi wa bawaba kama yupo, na hata yule wa utani wa ndevu.

Nyongeza: Mkaza mjomba wako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema kijani kile kilikuwa cha lango la kliniki ya macho, nililoligonga miaka sita iliyopita nikienda kupimwa. Lango letu, anasema, lilikuwa bati tupu. Kila mwaka niliahidi kulipaka, na mkebe wa kijani tuliuacha barazani haujafunguliwa. Nikamuuliza, basi lango letu lilitugusa wapi. Akasema halikutugusa popote, tuliliacha wazi.

Ijumaa njoo na mafuta ya bawaba tu. Na kama una kijani kilichobaki, mkebe mdogo unatosha. Lango la hapa tunapoishi nalo ni bati tupu.