Mabomba ya Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu amejenga makao makuu ya benki! Ghorofa refu, ukilitazama shingo inauma! Wahandisi walikuwa wengi, lakini hao wengine sikuwazaa mimi. Nimempasha habari wifi, dada wa mume wangu, ambaye mwanawe kapata kazi wizarani basi hatupumui. Akauliza binti kajenga sehemu gani hasa. Sehemu gani! Lote, nikamjibu. Ijumaa nampeleka akajionee.

Jumatano, 6 Machi
Nimetangulia kukagua. Nusura nizimie. Jengo halijaisha! Mabomba yote yako nje, manene, ya bluu na mekundu, yanapanda ukutani mpaka juu. Ngazi nje, lifti nje. Nikamuuliza mlinzi mafundi wamekimbilia wapi. Eti ndivyo lilivyo, mama, watu wanatoka mbali kulipiga picha. Mwongo mkubwa! Wamemharibia mwanangu kazi. Sikumpigia simu, nisije nikamtonesha kidonda. Lakini wifi akiyaona haya, nimekwisha.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Nilifika mapema na mashuka yangu mapya, yale ya maua, nikayafunika mabomba ya mlangoni. Pakapendeza. Wifi kufika tu, akauliza siku hizi benki inaanika nguo? Mlinzi akaja mbio, akavuta mashuka. Nikang'ang'ania. Nikamwambia mimi ndiye mama wa jengo hili! Binti akaitwa, alikuwa ndani anakagua mitambo. Akanitazama, akatazama maua. Akasema polepole, "Mama, hayo uliyoyafunika ndiyo kazi yangu. Mabomba nimeyachora mimi."
Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Binti hakucheka. Anasema alishanieleza mara nyingi. Huenda nilikuwa kwenye simu, nawasimulia watu habari zake.

Jumanne, 12 Machi
Wifi anatangaza mtaa mzima kwamba nimemvisha mwanangu shuka. Atajuta! Nimemwita fundi bomba abomoe ukuta wa jikoni na wa bafu, mabomba yetu yote yatoke nje, yapakwe bluu na nyekundu. Akabisha, eti nyumba itavuja. Nikamuuliza kati yake na binti yangu nani kasoma. Kaanza.
Sebule imelowa. Baba watoto kahamia kwa dada yake, yaani kwa wifi huyo huyo! Binti kapiga simu, kasema nisiguse kitu kingine, anakuja. Raha iliyoje, anakuja kuona! Nimealika majirani, mashemeji, na wifi nimemwekea kiti cha mbele. Jumapili, wote. Waje na ndoo zao.