Vazi la Kutisha la Karani Yordani

Jumatatu, 26 Oktoba 1964

Miss Karen, mwalimu wetu wa Kiingereza kutoka Marekani, ametualika wafanyakazi wote wa shule nyumbani kwake Old Korogwe, Jumamosi saa kumi jioni. Sikukuu ya kwao. Inaitwa Halowini. Kila mgeni avae kitu cha kutisha. Atakayetisha kuliko wote atapewa chupa ya chai, mpya, yenye maua. Bernadina, nesi wa zahanati, naye amealikwa. Mwalimu Semboja wa hesabu alisema karani hawezi kumtisha hata kuku. Watu walicheka. Bernadina pia.

Lazima nishinde.

Jumanne, 27 Oktoba

Nimemuuliza Miss Karen kwao watu huvaa nini. Shuka jeupe, alisema, unakuwa mzimu. Rahisi! Jioni nikajifunga shuka langu, nikatoka uani hapa Masuguru nimtishe mama mwenye nyumba, Mama Mwatumu. Hakushtuka. Alinitazama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Alhamdulillahi, Yordani. Siku zote nilikuwa nakuombea." Akaita majirani. Nikaletewa sahani ya tende.

Ningemweleza ukweli, lakini tende zilikuwa nzuri.

Mzimu haufai.

Jumatano, 28 Oktoba

Alfajiri Mama Mwatumu alinigongea dirisha niende kuswali. Nilijibu kwa kukohoa.

Wazo jipya: shetani wa katani. Nimezaliwa kambi ya mkonge, baba alikata mkonge miaka ishirini. Nani anaijua katani kunishinda? Nikajifunga nayo mwili mzima, kuanzia utosini. Baada ya dakika tano nilijua kwa nini baba hakuwahi kuivaa. Mbio mpaka zahanati. Bernadina alinipaka dawa mgongoni, akauliza nimefanya nini. Nikasema malaria. Aliandika kitu kwenye kadi, kirefu.

Alhamisi, 29 Oktoba

Redio imetangaza kwamba nchi yetu sasa inaitwa Tanzania. Nchi nzima imepata jina jipya, mimi hata vazi sina.

Saa nne gari lilipiga honi getini. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mkaguzi!" Loo! Walimu wote wakakimbilia madarasani. Semboja aliacha chai yake na kiatu kimoja. Mwalimu Mkuu alichana karatasi mbili, sijui za nini. Lilikuwa gari la mikate.

Nikakaa pale nikinywa chai ya Semboja. Nimelipata vazi.

Jumamosi, 31 Oktoba

Naandika kwa uchungu.

Nilivaa suti ya kuazima kwa mzee wa kanisa, kofia ngumu, miwani isiyo na vioo. Faili kwapani. Hata mbwa walinipisha. Saa nane mvua ikanyesha. Nikajikinga kwenye baraza ya shule ndogo ya msingi, karibu na mto. Akatoka mwalimu mkuu wa pale, Mwalimu Sadala, mzee mwenye mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi," alisema.

Nilikusudia kumweleza. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Marahaba."

Basi. Nikapewa kiti. Akachinjwa jogoo. Nikatembezwa shuleni: watoto wanakalia mawe, mengine yamelainika kwa kukaliwa. Mwalimu Sadala alieleza kwamba amekuwa akiandika barua tangu kabla ya Uhuru. Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Ningesema nini? Nikafungua faili, nikaandika, nikamwahidi madawati arobaini. Mzee yule alinishika mikono yote miwili.

Nilifika kwa Miss Karen watu wanatawanyika. Mshindi: Semboja. Alikuwa amevaa shuka.

Jumatano, 4 Novemba

Mwalimu Mkuu wangu ameniita ofisini. Mwalimu Sadala alikwenda mwenyewe ofisi ya elimu kushukuru. Sasa ofisi inauliza shule zote kama kuna anayemjua mkaguzi kijana, mwenye miwani inayopitisha kidole akijikuna jicho. Mwalimu Mkuu alisoma barua mara mbili, akanitazama. Nilikuwa najikuna jicho.

Alinikumbusha kwamba mimi ni karani wa muda. Kisha akatoa hukumu. Barua ataijibu yeye, nami nibaki kazini, kwa sharti kwamba nitamwomba radhi mzee Sadala na madawati arobaini nitayatengeneza kwa mikono yangu, kila Jumamosi, mpaka yaishe. Mbao zitatoka kwa wazazi wa kujitolea. Sijawahi kushika msumeno.

Habari zimeshafika zahanati. Bernadina alinisimamisha njiani. Nilidhani atanipa pole. Alisema, "Yordani, ungekuja kama ulivyo, ungetutisha vya kutosha." Akapanda nyuma ya baiskeli ya Semboja.

Jumamosi, 7 Novemba

Dawati la kwanza limekamilika. Linayumba. Nilimpa Mwalimu Sadala shikamoo tatu leo. Zote aliitikia bila kunitazama. Watoto wawili waligombania kulikalia lile dawati, wakaishia kubanana wote, wamenyoosha migongo kama wako kanisani. Niliona haya. Kama dakika nzima.

Saa tisa alipita bwana mmoja mnene wa Handeni, anayejenga nyumba ya bati. Alinikuta nimeshika randa, unga wa mbao umenijaa kichwani. Akauliza kama mimi ndiye fundi mkuu kutoka Tanga ambaye habari zake amezisikia. Nilimuuliza shida yake ni nini. Anataka milango sita, madirisha tisa, na kitanda cha harusi ya binti yake.

"Fundi," alisema, "njoo kwanza nyumbani tule, kazi tutazungumza baadaye."

Kesho baada ya kanisa nakwenda Handeni. Natafuta aproni.