Ukungu wa Bi Jawahir

Jaffar alikuwa kivukoni Feri akiwinda mtu wa kumlaghai alipomsikia bwana shamba akiwaeleza wauza mboga kwamba uko ukungu mwema, unaokaa udongoni ukaula ule mbaya unaoozesha mizizi ya nyanya. Hakungoja mwisho wa darasa. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshachanganya unga wa muhogo na rangi ya kijani ya kutilia ukili wa mikeka, akaufunga katika vipakiti vya kuonyesha wateja. Kufikia alasiri wakulima kumi wa Likoni walikuwa wamemlipa, mzigo waungojee.

Donge nono lilikuwa Bi Jawahir wa Mji wa Kale, mjane mwenye mkono wa birika na shamba zima la nyanya zinazonyauka.

"Ukungu huu u hai?" aliuliza.

"Hai kabisa, bibi. Unapumua."

"Kilicho hai hula. Niachie kidogo niutie kwenye wali. Ukienea, nanunua gunia. Usipoenea, ndugu yangu Yeslam ni askari, naye hapendi mzaha."

Jaffar alirudisha pakiti mfukoni kwa adabu. "Huu ni wa maonyesho tu. Wenye nguvu nitakuletea kesho."

Ikabidi autafute wa kweli. Kenneth, mfagiaji wa maabara moja ya mimea, alimpatia kijiko kimoja kwa kubadilishana na saa yake ya mkononi na viatu. Jaffar alimfikishia Bi Jawahir kijiko hicho akiwa na ndara miguuni, moyo umetulia.

Baada ya wiki mbili alirudi. Ukumbini palikuwa na sufuria kumi na mbili za wali, wote kijani.

"Umeenea, mashaallah," alisema Bi Jawahir.

"Basi nilete gunia?"

"La nini? Nimechota sufuria ya kwanza nikatia ya pili, nikachota ya pili nikatia ya tatu. Kilicho hai huzaa, mwanangu."

"Lakini ukungu ni wangu!"

"Wako ulikuwa kijiko. Hawa ni wajukuu."

Wakulima wa Likoni walikuwa wakimngoja Feri, baadhi yao na majembe. Jaffar akanunua sufuria nne, kwa bei aliyoitaka bibi, akavuka nazo kichwani, akawagawia.

Msimu ule nyanya za Likoni zilisimama wima. Wakulima walimfuata hadi kwake Bondeni kumshukuru, wakamletea kikapu cha nyanya, wakamwita mtu mwaminifu mbele ya majirani zake. Jaffar, ambaye maishani mwake hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi, hakujua auweke wapi uso wake.