Namba Kwenye Propela

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimewaweza wezi wa Kitengela. Vioo vya pikapu vilikuwa tayari vimechorwa namba ya gari. Taa pia. Jeki pia. Hata spana ya magurudumu. Caro, mke wangu, anasema anaogopa kulala mdomo wazi, nisije nikamchora namba kwenye meno. Huo ni mzaha wa mtu ambaye hajawahi kuibiwa kioo.

Kilichobaki ni chini ya gari. Mchana nilikuwa na miadi kwa fundi Ochola, kubadilisha breki, na mafundi nawajua. Unawaachia propela nzima, unarudishiwa ya marehemu. Propela ndilo bomba refu la chuma linalozunguka kule chini na kusukuma magurudumu ya nyuma. Asubuhi nikampitia Kitheka, welda wa mageti hapa Noonkopir, nikamwambia aandike namba yote kwenye hilo bomba, kwa moto. Alisema hajawahi kuona propela yenye namba. Nikamwambia ndiyo sababu zinaibiwa. Nikamwonya asinibanie chuma. Hakunibania.

Halafu nikaipaka grisi na udongo juu ili namba isionekane. Mtego huo. Ochola aibe, nimfikishe polisi, nipanguse na kitambaa mbele ya askari.

Hakuiba. Nilisikitika kidogo.

Kesho naanza wiki ya majaribio: kubebea kina mama wa Kajiado maziwa hadi milk bar ya Kitengela. Mama Soipan, mwenyekiti wao, akiridhika, kazi ni yangu mwaka mzima. Asiporidhika, narudi Rongai kubeba simiti katika duka la shemeji, ambaye huniita kijana mbele ya wateja.

Jumanne, 4 Machi

Gari linatetemeka! Hamsini, shwari. Sitini, kitu kinaanza chini ya kiti. Themanini, mashavu yanacheza yenyewe.

Jana halikuwa hivi asubuhi. Aliyeligusa ni Ochola. Au Kyule. Kyule pia ana pikapu na kazi hii aliitaka sana. Juzi alinisalimia akauliza gari linaendeleaje. Mtu mwenye roho safi huuliza watoto wanaendeleaje. Nimekagua nati za magurudumu nikidhani amezilegeza. Zimekaza. Zimekaza kupita kiasi.

Maziwa yalifika Kitengela na madonge ya siagi yanaelea juu. Mwenye milk bar alimpigia simu Mama Soipan kabla sijazima injini.

Jumatano, 5 Machi

Siagi tena. Kutoka milk bar nikaenda moja kwa moja kwa Ochola na mashtaka yangu. Hakushtuka. Mtu asiyeshtuka amejiandaa.

Aliuliza mtetemo nausikia wapi, kwenye usukani au kwenye kiti. Kwenye kiti. Basi magurudumu ya mbele hayana hatia, akasema. Akanituma barabara ya Namanga: nifike themanini, nitoe gea, gari lijiendee. Mtetemo ukiisha, ni injini. Haukuisha. Nikarudi. Akahamisha magurudumu ya nyuma akayaleta mbele, nikaenda tena. Bado ni kiti. (Kwa nini ananitoa sana hapo gereji? Nilipoondoka mara ya pili niligeuka ghafla kwenye kona nikarudi kumchungulia. Alikuwa anakunywa chai.) Akapapasa krosi, vile viungo vya propela, mwanzo na mwisho. Ngumu, hazichezi. Ndipo akasema imebaki propela yenyewe, tuishushe tuiangalie.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimngojea! Nikamwambia propela imekaguliwa na mtaalamu wiki hii hii, jambo ambalo ni kweli. Akauliza mtaalamu gani. Nikamwambia nina haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni mali. Kama gari linatetemeka likifika sitini, dawa ni kutofika sitini. Nimetoka Kajiado hadi Kitengela kwa ishirini na kitu, nisibahatishe. Kimya kabisa. Nilijisifu peke yangu njia nzima, na nilikuwa na wakati wa kutosha. Karibu na Isinya nikapitwa na trekta. Halafu Kyule akanipita akapiga honi mara mbili. Moja ni salamu. Ya pili ni ya nini?

Nilifika jua limeshakuwa kali. Maziwa yamelala, yameganda. Mwenye milk bar alinusa mtungi mmoja tu.

Mama Soipan akapiga simu. Alisema sopa, salamu ya Kimaasai, nikajibu ipa, kisha akaongea polepole bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Baba Jackie, Jumanne na jana tulikupea maziwa ikafika siagi. Leo imefika mala. Sasa kesho utatuletea nini?" Akasema Ijumaa na Jumamosi mzigo unaenda na Kyule, na Jumapili hawauzi. Jumatatu nitabeba mara ya mwisho, na yeye mwenyewe atakaa mbele na mimi. Gari likimtetemesha, nisirudi tena Kajiado.

Jioni shemeji akapiga kutoka Rongai. Eti simiti imefika, kama nina nafasi. Nani amemwambia?

Ijumaa, 7 Machi

Sina ujanja tena. Nimemruhusu Ochola aguse propela, kwa sharti kwamba nalala chini ya gari pamoja naye. Tukalala, bega kwa bega.

Akapangusa grisi na kitambaa. Kisha akaanza kusoma namba yangu kwa sauti, herufi moja moja, mpaka mwisho. Akauliza ni nani ameandika. Nikamwambia swali zuri ni nani alitaka kuiba. Akacheka hadi akagonga kichwa kwenye bomba la moshi. Akatoka akaita mpiga rangi na mama wa chai waje waone.

Akaniambia, "Mzee, hii kitu inazunguka haraka kuliko tairi, na wewe umeibebesha chuma upande mmoja. Hata wewe nikufunge tofali kwa mguu mmoja, utatembea vizuri?" Akaongeza kwamba kweli sasa hakuna mtu anaweza kuiiba, kwa sababu hakuna mtu anaweza kuitumia.

Niliona haya, naandika ukweli. Niliona haya kwa muda. Halafu nikajiuliza mbona alicheka sana hivyo. Mtu akicheka hivyo kuna kitu anafunika.

Jumamosi, 8 Machi

Ochola amesaga namba yote kwa grainda. Cheche zikaruka na kila herufi yangu. Uchungu. Propela imebaki uchi, kama ya mtu yeyote.

Akasema kusaga hakutoshi, lazima ipimwe uzito ikizunguka. Tukaipeleka kwa Hillary, mwenye mashine ya kazi hiyo, Kajiado mjini. Akaizungusha, akaanza kueleza. Upande mmoja bado ni mwepesi, kwa hivyo atachomelea vyuma vidogo upande huo mpaka pande zote zilingane, na vyuma hivyo ndivyo vitatuliza gari. Alieleza kwa urefu. Nilisikia nusu, kwa sababu Kyule alikuwa anapita nje na mitungi ya kina mama, na ilibidi nisimame mlangoni nimwangalie.

Ikafungwa. Nikatoka barabarani. Sitini. Themanini. Tisini! Kiti kimetulia. Nilifurahi nikaimba wimbo wa kanisani peke yangu, sauti ya kwanza na ya pili.

Nimempigia Mama Soipan. Amesema sawa, Jumatatu alfajiri, na kina mama wote wataleta. Hajanitania. Anataka nifaulu, nadhani. Caro amepika kuku.

Jumapili, 9 Machi

Ni vizuri huwa siamini watu.

Baada ya kanisa, kabla hata ya kuvua suti, niliingia chini ya gari. Namba haipo, sasa nitajuaje propela ni yangu? Nikaipapasa yote. Nikakuta vyuma viwili, bapa, kama sarafu ya shilingi kumi, vimechomelewa ubavuni. Kitheka hakuviweka. Nilikuwepo. Nani humpa mtu chuma bure?

Tracker, kidude cha kufuatilia gari. Kyule huyo! Anataka kujua maziwa nayatoa wapi na nayapeleka wapi. Caro akasema Kyule ameyabeba siku mbili, anajua. Nikamwambia hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo. Akauliza kama nimemuuliza Ochola. Ochola! Aliyecheka vile!

Nyundo na patasi. Vimetoka vyote viwili. Kando ya barabara kulikuwa na lori linaelekea Namanga, nikavirusha ndani ya mchanga wake. Sasa wanitafute Namanga.

Nimemhakikishia Mama Soipan kwamba gari liko tayari kuliko hata jana. Mitungi yote itajaa, yeye atakaa mbele, na nimemwahidi themanini bila kupunguza, Kajiado hadi Kitengela.