Sufu, Sufi, Herufi Moja Tu

Jumatano, 9 Agosti 1995
Leo nimezaliwa upya, na miaka yangu sabini na mbili! Sista Wilhelmina, yule Mholanzi wa parokia, ametugawia sisi wazee wa kikundi chake sufu, manyoya ya kondoo wa kwao. Konzi moja kila mtu. Unalowanisha kwa maji moto na sabuni, unaviringa viganjani mpaka upate mpira mgumu, laini, usio na ufa. Jumamosi mwenye mpira bora atakuwa mwalimu wa kikundi. Mwalimu! Mimi niliyefukuzwa darasa la tatu! Ogweno, baharia mstaafu wa kivuko cha Kamanga, akasema viganja vyangu vinafaa kumega ugali tu. Tutaonana.

Alhamisi, 10 Agosti
Sista alisema tuanze polepole, kama unabembeleza kifaranga. Polepole ni ya wagonjwa. Nimeiminya kwa nguvu zote. Kimetoka kitu chenye mikunjo kama kisogo cha Ogweno. Nimekitupa uani. Sasa sina sufu. Ila akili ninayo! Mto wa kulalia wa mke wangu Dorotea umejaa sufi. Sufu, sufi, herufi moja tu. Dorotea akasema, Baba Mhoja, sufi inaota mtini, sufu inaota kwa kondoo. Nikamwambia asinifundishe Kiswahili.

Ijumaa, 11 Agosti
Sufi haitaki maji. Unaizamisha, inaibuka. Sabuni tatu zimeteketea. Zamani tungepangia foleni kipande kimoja. Siku hizi maduka yamejaa, mzee anajimwagia povu kama waziri. Nyumba nyeupe pe! Jogoo wa jirani kaingia jogoo, katoka bata.
Nikarudi uani kwenye kile nilichokitupa. Nusu haipo. Kunguru wezi! Iliyobaki nimeichambua, nikaivika juu ya donge la sufi. Safi! Hata papai linaona wivu.

Jumamosi, 12 Agosti
Mpira wangu kama chungwa, wa Ogweno kama ndimu. Nikamwambia aanze mazoezi ya kuniamkia, shikamoo mwalimu. Sista akauminya wangu. Ukapasuka! Sufi ikatanda ukumbi mzima, ikatua kwenye ndevu za katekista. Ogweno alicheka mpaka akakaa chini.
Ndipo Dorotea, aliyekuja kunishangilia, akafungua pindo la khanga. Kimpira kidogo, kigumu, laini kama yai. Kumbe kunguru ni yeye! Ile nusu ya uani ameibembeleza siku mbili, polepole. Sista akakidundisha mezani, kikadunda. Mwalimu ni Dorotea!
Nilipiga makofi kuliko wote. Sufu aliitoa wapi? Kwangu. Nani aliitupa kwa ustadi? Mimi. Basi mimi ni mwalimu wa mwalimu. Ogweno nimemwambia hivyo. Kacheka tena. Wivu.

Jumapili, 13 Agosti
Shingo imepinda, nimelala bila mto, wangu kauchukua Dorotea. Dorotea anasema kesho mipira inatiwa rangi, kila mtu alete nili. Eti ni ule unga wa buluu wa dukani. Mwalimu wa jana huyo! Nili, Naili, herufi moja tu. Na hata wa darasa la tatu anajua Naili unatoka ziwani kwetu, bure kabisa. Ogweno nimemwona anaelekea dukani, maskini. Mimi nimeshika ndoo mbili, nateremka ziwani. Mto wa kulalia uliniangusha. Mto wa maji hauwezi.