Joto la Bugaluu

Mwaka ule bugaluu zilipofika Keroka, wanaume walipoteza uwezo wa kuinama. Suruali ilibana kiunoni, ikabana mapajani, kisha ikafika chini ya magoti na kufunguka kama domo la tarumbeta. Aliyeangusha kitu sokoni alisimama akingoja msamaria wa kumwokotea.

Iliyobana kuliko zote ilikuwa ya Jethro Ombui. Ombui hakuwa na shamba la chai, duka wala kazi. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo huo ulikuwa umemlisha vizuri. Alishauza majivu akayaita mbolea ya Ulaya, na kule Magwagwa alimuuzia mzee mmoja jogoo wa mzee huyohuyo.

Ombui alikuwa akimkwepa mzee huyo siku aliyojibanza chini ya dirisha la zahanati. Humo ndani dresa, mganga msaidizi wa pale, alikuwa akisema na dereva wa lori.

"Mungu hakukosea kuzining'iniza korodani nje. Zinataka ubaridi kuliko mwili. Wewe unazikaba na suruali hii, halafu unakaa juu ya injini mchana kutwa. Mbegu zitapungua, bwana. Vaa nguo pana, oga, acha sigara. Na mkojo ukianza kukuchoma usingoje, njoo upesi."

Dereva alisikia ushauri. Ombui alisikia pesa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Batuli, mjane wa Kiislamu aliyeuza nguo karibu na stendi. Nyuma ya duka la Batuli kulikuwa na marobota ya kaptula za kaki za enzi za mkoloni, pana mno, mguu mmoja ungetosha kushonewa sketi. Hakuna aliyezitaka hata kwa kufutia baiskeli.

"Mama, nitakuuzia hizo zote," Ombui alisema.

"Kwa vipofu?"

"Kwa wagonjwa. Wewe toa kaptula, mimi nitatoa ugonjwa. Kila mtu ataacha bugaluu yake hapa kwa sababu ina sumu. Tukishajaza stoo, tunazipeleka Kericho, ambako sumu haijafika. Tunagawana nusu kwa nusu."

Batuli alitabasamu. "Mwanangu, Mungu amekujalia kichwa." Alitabasamu namna ile ya fundi anayepima kitambaa, lakini Ombui alikuwa ameshaanza kuhesabu faida.

Siku ya soko alipanda juu ya kreti la soda.

"Wanaume wa Gusii! Nani kati yenu anachemsha mayai halafu anangoja vifaranga?"

Watu wakacheka, wakasogea. Ombui aliwaeleza habari za korodani na joto kwa sauti ya mchungaji anayezika tajiri. Alisema yote aliyoyasikia dirishani, isipokuwa lile la mkojo kuchoma, kwa kuwa lilimkosesha raha yeye mwenyewe.

Katika umati alikuwepo Walter Mogaka, karani wa kununua majani ya chai kule Kebirigo, pamoja na mkewe Esnah. Walikuwa wameoana miaka mitatu bila mtoto, na mama yake Mogaka alishaanza kusema wazi kwamba huyo msichana arudishwe kwao.

Mogaka aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Daktari, unasema kasoro inaweza kuwa ya mwanamume?"

Soko zima likamgeukia. Swali kama hilo halikuwa limewahi kuulizwa hapo hadharani.

"Inaweza sana," Ombui alijibu, maana jibu hilo ndilo lililouza.

Mogaka alilipia kaptula moja, akaingia nyuma ya kibanda cha ndizi, akatoka ameivaa. Esnah alipoiona miguu ya mumewe, myembamba kama mwiko, alicheka hadi akashika kikapu cha mtu. Kisha akajifuta macho, na hayakuwa machozi ya kicheko tu.

"Nimekunywa mizizi ya kila mti wa Nyamira," alimwambia mumewe. "Mbona hukuuliza mapema?"

Baada ya hapo hapakuwa na kizuizi. Walimu walivua, makondakta walivua. Mzee wa kanisa la Sabato alimshukuru Mungu kwa kurudisha heshima mavazini. Keroka ikafanana na gwaride la askari wa gavana wa kikoloni, na stoo ya Batuli ikajaa bugaluu hadi darini.

Hapo ndipo Batuli alipomketisha Ombui na kumpa chai.

"Mwanangu, ukienda choo cha nyuma nakusikia ukiimba."

"Siimbi, mama."

"Basi unalia."

Ombui akaacha kunywa chai.

"Na unahubiri ubaridi huku wewe mwenyewe umekaa ndani ya tanuri," Batuli aliendelea kwa huruma kubwa. "Nenda hospitali Kisii kesho asubuhi. Vaa kaptula, iache hiyo suruali. Mali nitailinda mimi."

Asubuhi Ombui aliketi kwenye benchi la wagonjwa, magoti wazi, akiomba asionekane na mtu anayemjua.

"Daktari!" Mogaka alimsogelea kwenye benchi. Alikuwa na Esnah. "Umekuja kuwasaidia wenzako?"

"Nimekuja kukagua tu."

Mlango ukafunguka. "Jethro Ombui!" nesi aliita. "Yule anayechomwa na mkojo!"

Benchi zima liligeuka. Ombui aliingia ndani akikagua sakafu.

"Ni kisonono," daktari alimwambia. "Ungezidi kungoja, mirija ya mbegu ingeziba, na hata ungetembea uchi usingepata mtoto. Geuka nikudunge. Na mwanamke wako aje atibiwe."

"Yupi?"

Daktari alishusha miwani. "Wote."

Ombui alipotoka akichechemea, Mogaka alimkumbatia. Esnah hakuwa na kasoro yoyote. Mbegu za Mogaka ndizo zilizokuwa chache, lakini zilikuwa hai. Daktari alimwambia aache sigara na pombe, aendelee na nguo pana, arudi kupimwa tena.

"Nitamwambia mama mimi mwenyewe," Mogaka alisema. "Kumbe ulikuwa unasema kweli!"

Ombui hakuwa amewahi kutukanwa vibaya hivyo.

Alifika Keroka jua likiwa bado kali. Stoo ilikuwa wazi, imefagiwa safi. Abdi, mwenye duka la jirani, alikuwa mlangoni akitafuna karanga.

"Batuli ameondoka na lori asubuhi, mara tu ulipotoka. Nadhani Kericho. Amesema wewe ni kijana mwema, na kwamba afya ni bora kuliko mali."

"Hakuacha kitu?"

"Ameacha salamu."

Hapohapo wanaume walianza kumzunguka Ombui. Habari za Mogaka zilikuwa zimetangulia kwa basi: hospitali yenyewe imethibitisha maneno ya Daktari Ombui! Walikuja na pesa mkononi, wakisukumana, na yeye hakuwa na hata kifungo cha kuwauzia.

Mzee asiyemfahamu alimvuta kando. "Mwanangu ana uvimbe kwenye korodani. Hauumi, lakini unakua. Nimlipe nani, nifanye nini?"

Ombui alifungua mdomo ule uliomlisha miaka yote. Aliona sura ya mzee ilivyojaa hofu.

"Sijui," alisema. "Mpeleke Kisii. Leo, msingoje kesho."

Mzee alimshika mkono kwa mikono miwili, akakimbilia stendi. Abdi alimsogezea Ombui kiti.

"Asante," Ombui alisema, "nitasimama. Nani anafuata kwenda Kisii?"