Viuno vya Wapambe Mtandaoni

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimemshawishi dada. Tangu afungue karakana yake ya ushonaji, vipimo vya wateja vinakaa kwenye daftari la Fundi Inchi, mshonaji wake mkongwe. Daftari limelowa mafuta ya cherehani, mwandiko anausoma mwenyewe tu. Nimemwambia dada nitaunda programu ya simu bila kuandika msimbo wa kompyuta hata mstari mmoja. Unavuta visanduku, basi. Vipimo vitatunzwa kwenye wingu, yaani kompyuta za watu walio mbali. Dada akauliza kama itakuwa tayari kabla ya harusi ya Jumamosi. Ana wapambe sita wa kuwashonea. Nikasema asiwe na shaka. Ikifanya kazi, nitakuwa meneja. Ikishindikana, narudi kushona vifungo.  Fundi Inchi alitia uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, makusudi, ili nione.

Jumanne, 5 Machi
Programu imekamilika kabla ya chai. Visanduku vinne: jina, kifua, kiuno, nyonga. Kufungua huduma ya wingu ndiko kulikonisumbua. Iliuliza kumbukumbu zikae bara gani. Nikachagua la mbali kabisa, Fundi asifike. Kisha ikauliza nani aruhusiwe kusoma, nani kubadilisha, nani kufuta. Maswali kama ya polisi. Chini kabisa palikuwa na kitufe cha "Kila mtu". Nikakibofya, chai ilikuwa inapoa. Nimenakili vipimo vyote, nikawatumia wapambe kiungo ili wajionee. Daftari nimelifungia kabatini.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi wa bibi harusi, ambaye naye ni mpambe, amenipigia asubuhi. Anataka kujua nani amewatangazia wenzake kwamba kiuno chake ni inchi arobaini na mbili. Nikamtuliza. Nikamwambia, mama, kama kuna kosa gusa hiyo namba uandike iliyo sahihi. Akanishukuru sana. Akaandika thelathini na nne. Kufikia adhuhuri wote walikuwa wamejirekebisha. Mmoja akishuka hadi ishirini na tisa, mwenzake anashuka hadi ishirini na nane. Marekebisho thelathini na saba kwa siku moja. Nikampelekea dada takwimu, nikamwambia watu wameupokea mfumo. Alifurahi.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi Inchi ameitazama simu, kisha akanitazama mimi. Alisema alimpima shangazi kwa mkono wake wiki iliyopita, na wiki moja haiyeyushi inchi nane. Akaomba daftari lake. Nikamweleza kwa upole kwamba zama za daftari zimepita, akate kama wingu linavyosema.
"Sawa, meneja," akasema.
Sikupenda alivyolitamka hilo neno. Lakini alikata.

Ijumaa, 8 Machi
Wapambe walikuja kujaribu magauni saa nne. Zipu ya kwanza iliishia kiunoni. Ya pili haikupanda kabisa. Shangazi alikwama kichwa ndani, mikono juu, akauliza kutoka humo humo ni nani kalipunguza gauni lake. Bibi harusi akakaa kwenye stuli ya cherehani, akalia kimya kimya.  Dada hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

Fundi Inchi akalichukua gauni la shangazi, akaligeuza ndani nje. Alikuwa ameacha akiba ya kitambaa ya vidole vinne kila upande wa mshono. Akasema miaka thelathini kazini hajaona mtu aliyejiandikia kiuno akaandika cha kwake. Akafumua, akashona. Saa kumi yote sita yalifunga. Shangazi alimkumbatia Fundi. Mimi aliniomba nimpishe.

Jumamosi, 9 Machi
Harusi imefana, nasikia. Mimi niko na kopo la vifungo.

Nimelitafakari suala hili kwa makini. Wingu halikukosea. Lilitunza kila kilichoandikwa, neno kwa neno. Aliyeharibu ni Fundi na akiba yake ya kitambaa. Asingewalegezea, wale wapambe wangejikaza siku mbili tatu, wakafika kwenye viuno walivyoahidi.

Bahati nzuri, mwalimu wa mazoezi wa jengo la jirani anatafuta mfumo wa kurekodi uzito wa wanachama wake. Nimemhakikishia kila mmoja ataweza kujiandikia mwenyewe. Tunaanza Jumatatu.